Walimu wenzangu, kabla hujamwita mvivu fungua daftari lake (uzi kuhusu wanafunzi wenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, na matatizo mengine ya akili)

#1 Chaki ya Bluu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, shule ya kata, nafundisha Baiolojia. Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja kazini. Mwaka juzi nilimchapa binti wa kidato cha tatu viboko viwili kwa kutomaliza kazi ya nyumbani. Alinyoosha mkono, akapokea, akarudi kukaa. Hakulia, hakununa, hata kiganja hakukisugua. Niliendelea na somo, lakini ule mkono ambao haukusuguliwa ulinikaa kichwani mpaka jioni.

Baada ya vipindi nikachukua daftari lake kwenye rundo, nikalifungua kuanzia mwanzo. Januari mpaka Mei tarehe zimepigiwa mstari kwa rula na kalamu nyekundu. Mchoro wa jicho umepakwa rangi za penseli, kila sehemu ina jina lake. Juni mistari myekundu imeondoka. Julai kuna nusu ukurasa, sentensi imekatikia katikati. Agosti ni tarehe, kichwa cha somo, halafu basi. Kurasa tatu mfululizo hivyo hivyo.

Nikafungua na daftari la mahudhurio. Jumatatu nne kati ya sita hakuwepo. Siku alizokuja, kitabu cha zamu kinaonyesha amechelewa na ameadhibiwa getini. Yaani taarifa zote zilikuwepo shuleni, kwa mwandiko wetu wenyewe, na hakuna aliyeziweka pamoja.

Kesho yake sikumwita ofisini. Ofisi ya walimu mtoto anaijua kama mahali pa kesi, ukimwita pale anakuja amejiandaa kuomba msamaha. Nilimwambia anisaidie kuosha mirija ya majaribio maabara. Tukaosha kimya karibu robo saa. Kisha nikamwambia, "Nimeona daftari lako. Zamani ulikuwa unapiga mistari kwa rula." Akasema, "Mwalimu, nikisoma maneno nayaona, ila hayakai." Nikamuuliza usiku analalaje. Akasema anaamka saa tisa na usingizi haurudi tena, na kukipambazuka mwili unakuwa mzito kama amebebeshwa debe la maji.

Nilitafuta sababu. Amefiwa? Nyumbani kuna ugomvi? Kuna mtu anamsumbua njiani? Nilimuuliza taratibu kwa siku kadhaa, na mwalimu wa kike akamuuliza pia. Hakuna. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo chuoni sikulishika: sonona haihitaji msiba nyuma yake. Inaweza kumpata mtoto aliyelala vizuri na kula vizuri, kama malaria inavyompata mtu mwenye neti.

Tuliongea na mkuu wa shule, tukamwita mama yake, wakaenda kituo cha afya, wakapewa rufaa ya hospitali ya wilaya. Pale kuna mratibu wa afya ya akili. Akaambiwa ni sonona, akaanzishiwa dawa na kliniki ya kila mwezi ya kuongea na mtaalamu.

Sasa niwaambie ninachotaka kusema kwenye uzi huu. Hospitali anaenda mara moja kwa mwezi. Darasani yuko siku tano kwa wiki. Dawa ni kazi ya daktari, mimi siijui wala sijifanyi kuijua. Ila zile siku tano ni zangu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kijana 1 kati ya 7 wa umri wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili. Darasa langu lina wanafunzi 74. Pigeni hesabu wenyewe.

Tulichofanya darasani ni vitu vidogo sana. Nilimtoa dawati la nyuma nikamweka la pili, upande wa mlango. Tukakubaliana kuwa akizidiwa, anachukua kipande cha chaki ya bluu pale ubaoni, anakiweka kwenye kona ya meza yangu, anatoka. Haombi ruhusa, haelezi mbele ya watu. Anakaa chini ya mwembe ambapo namwona kwa dirisha, dakika kumi, anarudi na kuirudisha chaki. Wiki ya kwanza aliitumia karibu kila siku. Kufika Novemba chaki ilikuwa inakaa wiki nzima bila kuguswa.

Kazi ya nyumbani, wenzake maswali kumi, yeye manne, lakini yale manne anayamaliza na ninayasahihisha yote. Mwenye sonona akiona maswali kumi haanzi hata la kwanza. Dawa ilimkausha mdomo na kumpa usingizi asubuhi, kwa hiyo chupa ya maji ilikaa juu ya dawati na walimu wa vipindi vya kwanza wakaombwa wasimsimamishe. Mwalimu wa zamu akajulishwa kuwa binti huyu akichelewa aingie tu darasani, asipige magoti getini.

Na viboko, kwake, vikaisha. Sikusubiri waraka.

Karibuni tujadili. Wenye uzoefu mwage hapa.

#2 Mwalimu wa Hesabu

Mkuu, nakuheshimu, lakini tuongee ukweli. Mkondo wangu una wanafunzi 112. Nina vipindi 28 kwa wiki. Madaftari tu ya kusahihisha yananishinda. Hayo ya chaki na mwembe nitamfanyia nani na nitamwacha nani?

#3 Chaki ya Bluu

Mwalimu mwenzangu, swali lako ni la haki, na wala si uvivu. Hata mimi sina uwezo wa kumfuatilia kila mtu.

Ninachofanya sasa ni kutafuta mabadiliko. Mtoto mkimya tangu kidato cha kwanza ni mkimya tu, ndivyo alivyoumbwa. Aliyekuwa mwongeaji akanyamaza, huyo ndiye wangu. Aliyekuwa msafi akaanza kuja na sare chafu. Aliyekuwa na marafiki watatu sasa anakula mapumziko peke yake. Mpole aliyegeuka mgomvi, maana wavulana wengi sonona yao inatoka kama hasira, wala hawalii. Hali hiyo ikikaa wiki mbili bila kuondoka, naweka nukta ya penseli mbele ya jina lake kwenye daftari la mahudhurio. Nukta hiyo naielewa mimi peke yangu. Katika watoto 74, muhula uliopita nilikuwa na nukta tano. Watano nawamudu.

Halafu muulize kiranja. Usimuulize nani ana matatizo, muulize nani siku hizi hachezi na wenzake.

#4 Mama Wawili

Shikamooni walimu. Mimi si mwalimu, ni mzazi. Mwanangu yuko darasa la tatu. Hatulii. Anaanza kuandika, anaona ndege dirishani, anasimama. Anajibu kabla swali halijaisha. Anapoteza penseli mpaka tatu kwa wiki. Nyumbani ni hivyo hivyo, na alikuwa hivyo tangu chekechea. Anarudi na alama za fimbo miguuni karibu kila siku, na mwalimu wake ameniambia mtoto wangu amelelewa vibaya. Majirani nao wanasema hivyo hivyo. Nimefika mahali naogopa ikifika saa mbili asubuhi. Nifanyeje?

#5 Chaki ya Bluu

Marahaba mama, na pole sana. Kwanza, unayoyaeleza yanafanana na hali inayotambulika kitaalamu, ya mtoto kukosa utulivu na umakini. Ni ubongo wake unavyofanya kazi, malezi yako hayajaileta. Mpeleke hospitali apimwe, kuanzia macho na masikio, maana wapo watoto wanaohangaika kumbe ubao hawauoni.

Kuhusu fimbo, nitaandika wazi ili na walimu wasome. Kanuni za adhabu ya viboko za Tanzania za mwaka 2002, Tangazo la Serikali namba 294, zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeteuliwa naye kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Mwanafunzi wa kike achapwe na mwalimu wa kike au mkuu wa shule. Fimbo ya kila siku, ya kila mwalimu, kwa kosa la kutotulia, haimo kwenye kanuni hizo. Nenda kwa mwalimu mkuu kwa upole ukaombe kuona kitabu cha adhabu. Usiende na hasira, utahitaji urafiki wao.

Na umwombe mwalimu wake mambo machache. Mtoto akae mbele, mbali na dirisha, katikati ya watoto watulivu. Maelekezo apewe moja moja: "Toa daftari." Akishatoa, "Andika tarehe." Ukimwambia toa daftari, andika tarehe, fungua ukurasa wa 40, fanya swali la kwanza mpaka la tano, ameshapotea kwenye daftari. Apewe kazi za mwili: kufuta ubao, kugawa madaftari, kupeleka chaki darasa la jirani. Mtoto wa namna hiyo akizunguka dakika mbili anapata dakika kumi za kukaa. Na akikaa asifiwe palepale, isisubiri ripoti ya muhula. Nilikuwa na kijana kama wako kidato cha kwanza, nilimfanya mlinzi wa saa ya darasa. Kila dakika ishirini alisimama kutangaza muda uliobaki. Hakuniharibia kipindi tena.

#6 Mwalimu Mlezi

Nipo shule ya bweni ya wasichana. Kwetu tatizo kubwa ni mapepo. Anaanguka mmoja bwenini usiku, anapiga kelele, kabla ya nusu saa wameanguka kumi. Mwezi kabla ya mtihani wa taifa ndio balaa. Tumeita wachungaji, tumeita masheikh, uwanja unajaa wazazi. Hili nalo ni afya ya akili?

#7 Chaki ya Bluu

Mwalimu, nchi hii ina kisa chake kinachojulikana dunia nzima. Tarehe 30 Januari 1962, shule ya misheni ya wasichana Kashasha, karibu na Bukoba, wasichana watatu walianza kucheka wakashindwa kujizuia. Wanafunzi 95 kati ya 159 walipatwa. Shule ikafungwa Machi 18, watoto wakarudi kwao, na hali ile ikaanza kuonekana vijijini na shule nyingine. Madaktari waliochunguza walipima, hawakukuta sumu wala vijidudu. Magazeti ya nje mpaka leo yanakiandika kama kichekesho, lakini wale mabinti walikuwa wanalia pia, wanakimbia hovyo na kuogopa kuwa kuna mtu anawafukuza.

Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba hofu na shinikizo vinapojaa mahali pamefungwa, ambapo mtoto haruhusiwi kusema "nimechoka" wala "naogopa", mwili unasema badala ya mdomo. Mmoja akianza, wengine wanashika. Hawaigizi. Kuwachapa ni kosa kubwa, niliwahi kuliona likifanyika na walioanguka siku iliyofuata waliongezeka.

Kwa uzoefu wangu mdogo wa bweni, kinachosaidia ni kupunguza watazamaji. Mmoja akianguka, mwondoeni kimyakimya apelekwe chumba cha pembeni na mtu mzima mmoja mtulivu, wengine waendelee na ratiba. Mkikusanya shule nzima uwanjani, iwe kwa maombi iwe kwa paredi, mmewapa wengine nafasi ya kushika. Anayetaka kuombewa aombewe, mimi ni mtu wa dini na sikatazi, ila faraghani. Na yule wa kwanza, yule anayeanza kila mara, apelekwe hospitali. Mara nyingine wenzake wameshika hofu tu, lakini yeye ana kifafa, au ana jambo amefanyiwa ambalo hajapata pa kulisema.

Kisha tazameni ratiba yenu ya mwezi ule. Wanaamka saa ngapi? Sisi tulikuwa tunawaamsha saa kumi alfajiri kujisomea na kuwalaza saa tano usiku. Tulipowaongezea saa moja na nusu ya usingizi, bweni lilitulia kuliko nilivyotarajia.

#8 Wa Nakuru

Nawasalimu kutoka Kenya. Huku kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, japo wapo walimu wasiosikia. Nataka kuongezea jambo kwa yule wa wanafunzi 112. Kuna mpango uitwao Shamiri ulioanzishwa huku, unaotumia vijana waliomaliza sekondari juzi juzi. Wanapewa mafunzo mafupi, wanakaa na wanafunzi kwa makundi madogo, saa moja kwa wiki, wiki nne. Wanazungumzia kwamba mtu anaweza kubadilika, mambo ya kushukuru, na yale mtu anayathamini maishani. Hawataji ugonjwa hata kidogo, kwa hivyo hakuna anayeona aibu kuhudhuria. Walijaribu na wanafunzi 413 waliokuwa na dalili za sonona au wasiwasi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yakaonyesha dalili zilipungua zaidi kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Kwa hivyo si lazima kila kitu kimwangukie mwalimu.

#9 Nesi wa Kata

Nimefurahi kuona uzi huu. Mimi ni muuguzi, nimepita kliniki ya afya ya akili kwa miaka sita. Niongeze lile ambalo wengi wanaliogopa.

Mwanafunzi akikuambia, au akiandika kwenye daftari, kwamba amechoka kuishi, kwamba afadhali asingekuwepo, usicheke, usimhutubie kuwa ni dhambi, na usiseme "anatafuta huruma". Muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Watu wanaogopa kwamba swali litampa wazo. Halimpi. Linampunguzia mzigo wa kuwa peke yake na wazo hilo. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake hata kwenda chooni, mzazi aitwe, apelekwe hospitali siku ileile. Isiwe kesho, wala baada ya mtihani. Usimwahidi kuwa utalificha. Mwambie, "Nitawaambia watu wawili tu, nao ni wa kukusaidia." Ukishindwa pa kuanzia, simu 116 ya Huduma kwa Mtoto ni bure.

Jambo lingine. Kanuni ya Adhabu yetu Tanzania (ile sheria ya makosa ya jinai), kifungu cha 217, bado inahesabu kujaribu kujiua kama kosa, kwa hiyo wapo walimu wanaokimbilia polisi au wanaoficha kabisa. Naomba kwa dhati, aliyejidhuru ni mgonjwa. Hospitali kwanza.

Na dawa: msimwambie mtoto aache kwa sababu "amepona" au kwa sababu zinamsinziza. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na kuacha ghafla kunamrudisha nyuma. Zikimsumbua, mwandikie mama yake ujumbe aje kliniki mapema. Mwalimu aliyewahi kutuandikia karatasi yenye mistari minne, kwamba mtoto anasinzia mpaka saa nne, mikono inatetemeka akiandika, mate yanamtoka, alitusaidia kubadilisha dozi siku hiyohiyo. Mzazi hakuwa ameyaona hayo kwa sababu mchana yuko shambani.

#10 Chaki ya Bluu

Nesi, ubarikiwe. Hiyo karatasi ya mistari minne naanza nayo wiki hii.

#11 Kidato cha Nne Milele

Sijawahi kuandika haya popote. Nikiwa kidato cha tatu nilianza kusikia sauti. Nililazwa Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili Dodoma, karibu miezi miwili. Niliporudi shuleni nilikuta kila mtu anajua, kwa sababu mwalimu mmoja alitangaza paredi kwamba mwenzenu alikuwa anaumwa akili, msimchokoze. Nadhani alikuwa na nia njema. Kuanzia siku ile hakuna aliyekaa na mimi dawati moja. Nikiuliza swali darasani, wanatazamana. Nikicheka, wanatazamana. Niliacha shule mwezi wa tano.

Walimu, mkimpokea aliyetoka hospitali, naomba msitangaze. Muulizeni yeye anataka wenzake waambiwe nini. Mimi ningesema "nilikuwa naumwa, nimepata nafuu", yatosha. Mwalimu mmoja tu, wa Kiswahili, siku niliyorudi aliita mahudhurio, akafika kwenye jina langu akaliita kwa sauti ileile anayoitia majina yote, nikajibu, akaendelea na linalofuata. Baada ya kipindi akanipa madaftari mawili ya rafiki yangu akasema nakili kuanzia hapa, ya nyuma tutayaona. Nina miaka 29 sasa, nina kazi, natumia dawa. Bado namkumbuka.

#12 Mama Wawili

Nimelia kusoma hii. Mungu akutunze mdogo wangu.

#13 Mwalimu wa Hesabu

Nimerudi. Jana nimefanya lile la kumuuliza kiranja nani siku hizi hachezi. Amenitajia mmoja bila kufikiri, kijana ambaye nilikuwa namhesabu mtoro. Nimeangalia mahudhurio, ni kweli, tangu Aprili. Swali langu ni hili: ana siku karibu 70 hajaonekana, na zikifika 90 jina linafutwa kwa utoro. Nikimfuata nyumbani nikakuta anaumwa kweli, kuna njia ya kumshikia nafasi? Na nikimfuata nisemeje, maana baba yake ni mkali?

#14 Chaki ya Bluu

Nenda kesho, usisubiri wiki iishe. Usiende na barua ya wito, wataogopa. Nenda na daftari lake au mtihani wake wa zamani aliofanya vizuri, mpe baba yake mkononi, mwambie, "Huyu ni kijana wako, nimekuja kumjulia hali." Mzee akiona umekuja na sifa atakupa kiti. Ukikuta anaumwa, usitaje jina la ugonjwa wowote, si kazi yetu. Sema ulichokiona: hali chakula, halali usingizi, haongei, tangu Aprili. Wakikwambia wanampeleka kwa mganga au kwenye maombi, usibishane. Waombe na kliniki iende sambamba. Mama wa yule binti wa kidato cha tatu alikataa mpaka aliposikia kuwa maombi hayatasimama.

Kuhusu nafasi, wapate cheti cha daktari, mkuu wa shule akiweke kwenye faili, na daftari la mahudhurio lisomeke mgonjwa badala ya mtoro. Hata kama jina litafutwa, usikate tamaa, waraka wa elimu namba 2 wa mwaka 2021 umefungua mlango kwa waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali kurudi shuleni. Watu wanaukumbuka kwa ajili ya mabinti waliopata ujauzito tu, lakini haukuishia kwao.

Akirudi, mwanzoni aje siku mbili kwa wiki, au aje mpaka saa sita. Kijana aliyekaa ndani miezi mitatu ukimrudisha kwenye vipindi tisa kwa siku, Jumatano hutamwona.

Upande wangu, mkuu wa shule amekubali kutupa stoo ya michezo iwe chumba cha kuongelea na wanafunzi. Ina dirisha moja na mlango unaofungika. Jumamosi tunatoa nyavu na mipira mibovu, tunapaka chokaa. Nahitaji viti viwili na mkeka. Nikipata picha ya mlango nitaweka hapa. Mwalimu wa Hesabu, ukitoka kwa yule kijana uje utuambie ulimkutaje.